Maswali ya Wasomaji: Ni Fedha Kiasi Gani Unaweza Kumpa Mtu Nchini Marekani Bila Kudaiwa Kodi ya Zawadi?

Safu nzima ya toleo hili tumeitenga kwa ajili ya kodi ya zawadi ya serikali kuu ya Marekani, kwa sababu barua za wasomaji wetu wanaoishi huko zimekuwa zikirudia hofu ile ile, kwamba mzazi akimsaidia mwanawe kwa kiasi kikubwa serikali nayo itachukua fungu lake. Nimejibu kwa kufuata viwango vya mwaka 2026, na pale ninapotumia cha mwaka mwingine nimeutaja mwaka wenyewe.

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu, salamu nyingi kwako. Mimi na mke wangu tunaishi Minneapolis, sote ni raia, na tumeweka akiba kwa miaka kumi na minane. Kijana wetu wa kwanza ameoa, na sasa yeye na mkewe wanatafuta nyumba. Tungependa kumpa dola 60,000 za malipo ya awali. Rafiki yangu wa kazini ameniambia kwamba mwisho wa zawadi ni dola 10,000 kwa mwaka, na kinachozidi hapo hukatwa asilimia 40. Mke wangu amepata wasiwasi, anasema tumpe kijana kidogokidogo kwa fedha taslimu ili benki isigundue. Je, rafiki yangu amesema kweli? (Baba wa watoto watatu, Minneapolis)

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako amechukua mambo matatu ya kweli akayachanganya, akapata jibu lisilo la kweli. Kodi ya zawadi ipo, asilimia 40 ipo, na dola 10,000 iliwahi kuwa kiwango halali. Hata hivyo, ninyi wawili hamtadaiwa hata senti moja kwa kumsaidia kijana wenu, na mkipanga vizuri hamtakuwa na fomu yoyote ya kujaza.

Tuanze na anayedaiwa. Kodi hii humhusu mtoaji. Kijana wenu hana haja ya kuiandika zawadi hiyo kama mapato katika ritani yake ya kodi, iwe ni dola 500 au dola 500,000, kwa sababu sheria ya kodi ya mapato ya Marekani haihesabu zawadi kuwa kipato cha aliyepewa. Nalisema hili mapema kwa kuwa nimewaona vijana wakikataa msaada wa wazazi wao kwa kudhani kwamba watapandishwa daraja la kodi.

Sasa tuje kwenye kiasi. Mwaka 2026, kama ilivyokuwa mwaka 2025, mtu mmoja anaweza kumpa mtu mwingine yeyote, awe mtoto wake, jirani yake au mtu baki kabisa, hadi dola 19,000 bila kulipa kodi na bila kuiarifu Idara ya Mapato ya nchi hiyo, IRS. Hesabu hiyo ni ya kila mtoaji kwa kila mpokeaji, kwa hiyo mzee mwenye watoto watano anaweza kuwapa dola 95,000 kwa mwaka mmoja, kila mtoto 19,000, na asiwe amevuka mstari. Kinachojumlishwa ni kila ulichompa mtu huyo tangu Januari hadi Desemba, likiwemo gari la zamani ulilomwandikishia kwa jina lake na bahasha uliyomkabidhi siku ya harusi.

Ukizidisha dola 19,000 bado hujafika kwenye kulipa. Unachopata ni wajibu wa kujaza Fomu 709, ambayo mwisho wake ni tarehe 15 Aprili ya mwaka unaofuata, na katika fomu hiyo kiasi kilichozidi hupunguzwa kutoka kwenye msamaha mkubwa ambao kila raia na kila mwenye makazi ya kudumu amepewa kwa maisha yake yote. Kwa mwaka 2026 msamaha huo ni dola 15,000,000 kwa mtu mmoja. Tuseme wewe peke yako ungempa kijana wako dola zote 60,000. Ungetoa 19,000 za kiwango cha mwaka, zikabaki 41,000 za kuandika katika Fomu 709, na msamaha wako wa maisha ungeshuka hadi dola 14,959,000. Kodi ya kulipa ingekuwa sifuri. Asilimia 40 aliyoitaja rafiki yako humfikia mtu ambaye ameshagawa mamilioni yote kumi na matano na bado anaendelea kugawa.

Huenda ukajiuliza kwa nini serikali inasumbuka kuhesabu zawadi za watu wasio na chochote cha kulipa. Jibu limo katika historia ya sheria yenyewe. Marekani ilianzisha kodi ya mirathi mwaka 1916, na matajiri wakaona upesi kwamba mtu anaweza kugawa mali yake angali hai, akafa akiwa hana kitu cha kutozwa. Kodi ya zawadi ikawekwa mwaka 1924 ili kuziba mwanya huo, ikafutwa mwaka 1926, ikarudishwa mwaka 1932 na haijaondoka tena. Tangu sheria ya mwaka 1976, kodi hizo mbili zinakula katika chungu kimoja, ndiyo maana unachotumia katika msamaha wa zawadi kinapungua katika msamaha wa mirathi yako. Kwa familia ambayo mali yake yote, nyumba na akiba ya uzeeni ikiwemo, haifikii milioni kumi na tano, Fomu 709 ni kumbukumbu ya maandishi tu, na ningependa wasomaji wetu waione hivyo badala ya kuiogopa.

Dola 15,000,000 ni kiwango kipya. Mwaka 2025 kilikuwa dola 13,990,000, na kwa sheria iliyokuwapo kilitarajiwa kushuka hadi karibu nusu mwanzoni mwa mwaka 2026, lakini sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilizuia anguko hilo na kuweka milioni 15, ambayo itapandishwa kufuatana na mfumuko wa bei.

Kwa upande wenu, njia nyepesi ni hii. Watoaji mko wawili, na wapokeaji wako wawili, kijana na mkewe. Wewe mpe kijana dola 15,000 na mkwe wenu dola 15,000, naye mama afanye vivyo hivyo, kila mmoja kutoka katika fedha zake. Hundi nne za dola 15,000 zinatimiza dola 60,000, na hakuna hata moja inayokaribia 19,000. Kwa njia hiyo mngeweza kwenda hadi dola 76,000 bila fomu. Sharti ni kwamba fedha mnazompa mkwe ziwe zake kweli, bila makubaliano ya pembeni kwamba atazihamishia kwa mumewe siku inayofuata. Iwapo akiba yote imetokana na mshahara wa mmoja wenu, sheria inawaruhusu mkubaliane kuihesabu zawadi kana kwamba kila mmoja ametoa nusu, lakini makubaliano hayo huandikwa katika Fomu 709, kwa hiyo fomu italazimika hata kama kodi haipo. Wanandoa wanaoishi katika majimbo kama Texas na California, ambako kipato cha ndoa kwa kawaida ni cha wote wawili kwa sheria, hawana haja ya makubaliano hayo kwa fedha za namna hiyo, kwani kila mmoja anahesabiwa kuwa ametoa nusu tangu mwanzo.

Kuna vitu vingine viwili vya kuangalia. Hundi ihesabiwe kuwa ya mwaka ambao mpokeaji ameipeleka benki. Mzazi akiandika hundi tarehe 29 Desemba na mtoto akakaa nayo mfukoni hadi Januari, zawadi hiyo itaingia katika mwaka mpya na inaweza kugongana na nyingine iliyopangwa kwa mwaka huo. Pili, benki itakayowakopesha vijana fedha za nyumba itaomba barua ya zawadi, ukurasa mmoja wenye majina yenu, uhusiano wenu, kiasi, tarehe, na sentensi inayosema kwamba fedha hizo hazitarudishwa. Iandikeni kwa ukweli. Kama mnatarajia kurudishiwa, huo ni mkopo na uandikwe kuwa mkopo.

Nimeiacha mwisho hoja ya mkeo kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi. Dola 10,000 inayotajwa mitaani ina mizizi miwili. Mzizi wa kwanza ni kwamba kiwango cha mwaka cha kodi ya zawadi kilikuwa dola 10,000 tangu mwaka 1982 hadi mwaka 2001, kisha kikaanza kupanda taratibu. Waliojifunza habari hii miaka ya tisini hawajabadilisha hesabu. Mzizi wa pili ni taarifa ambayo benki za Marekani hulazimika kuituma serikalini mteja anapoweka au kutoa zaidi ya dola 10,000 taslimu kwa siku moja. Taarifa hiyo haina kodi ndani yake wala haimtuhumu mtu kwa lolote. Lakini mtu anayekatakata fedha makusudi, leo 9,000, keshokutwa 8,500, ili taarifa hiyo isitumwe, anatenda kosa la jinai chini ya sheria ya nchi hata kama kila dola aliipata kwa jasho lake. Mwambie mama, kwa upole, kwamba njia anayoiona kuwa salama ndiyo pekee katika jambo hili lote inayoweza kuwafikisha mahakamani. Andikeni hundi.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu wanne. Mmoja anasoma chuo kikuu hapa Ohio na ada yake ya mwaka ni dola 32,000. Nimeuza kiwanja, nataka nimlipie mwaka mzima, na bado nimpe kitu kidogo cha kujikimu. Je, nimezidisha? (Bibi, Columbus)

JIBU: Shikamoo, bibi. Hujazidisha, na swali lako limenifurahisha kwa sababu linagusa sehemu ya sheria ambayo ni ya ukarimu kuliko zote na inayotumiwa na wachache kuliko wanaoistahili. Ada ya masomo inayolipwa moja kwa moja kwa chuo au shule haihesabiwi kuwa zawadi hata kidogo, iwe ni dola 32,000 au dola 90,000, na haigusi zile dola 19,000. Ukishamlipia ada, bado unaweza kumpa dola 19,000 mkononi mwaka huo huo, na hakuna fomu.

Neno linalobeba uzito wote ni "moja kwa moja". Hundi yako iandikwe jina la chuo, na pale chini, kwenye mstari wa maelezo, uandike jina la mjukuu na namba yake ya mwanafunzi, kisha uitume katika ofisi ya fedha ya chuo. Ukimpa mjukuu fedha ili akalipe mwenyewe, au akilipa kwanza kwa mkopo halafu wewe ukamrudishia, hiyo imegeuka zawadi ya kawaida na itaanza kula kiwango cha mwaka, ingawa lengo lako ni lile lile na fedha zimeishia pale pale. Msamaha huu unahusu ada ya masomo tu. Chumba cha bweni, chakula na vitabu havimo, kwa hiyo hivyo uvilipie kutoka katika zile 19,000.

Utaratibu kama huo upo kwa matibabu. Ukimlipia mtu yeyote hospitali, daktari au bima ya afya, na malipo yakaenda kwao wenyewe bila kupitia mkononi mwa mgonjwa, sheria haiyaiti zawadi, mradi bima isije ikarudisha fedha hizo. Wapo wanaochanga kwa ajili ya ndugu aliyelazwa kisha wakamkabidhi mgonjwa bahasha. Kama michango ni mikubwa, ni afadhali iende kwenye dirisha la malipo la hospitali.

Kwa wajukuu wako ambao bado ni wadogo, ipo akaunti ya akiba ya elimu inayojulikana kwa namba ya kifungu chake cha sheria, 529, ambayo inakuruhusu kuweka kwa mkupuo dola 95,000 kwa mtoto mmoja na kuzihesabu kana kwamba umetoa 19,000 kila mwaka kwa miaka mitano. Hapo Fomu 709 inahitajika ili kuusajili uamuzi huo, na katika miaka hiyo mitano hutakuwa na nafasi ya kumpa mjukuu huyo zawadi nyingine ndani ya kiwango cha mwaka, isipokuwa nyongeza ndogo pale kiwango kinapopanda.

SWALI: Nina nyumba Denver niliyoinunua peke yangu mwaka 1991 kwa dola 82,000. Leo inakadiriwa kuwa na thamani ya dola 560,000. Nina umri wa miaka 74, na nataka nimwandikie binti yangu hati ya nyumba sasa hivi, ili nikifa asihangaishwe na mahakama ya mirathi. Je, nitadaiwa kodi ya zawadi? (Mama, Denver)

JIBU: Shikamoo, mama. Kodi ya zawadi hutadaiwa. Utatoa dola 19,000 katika dola 560,000, utaandika dola 541,000 zilizobaki katika Fomu 709, na msamaha wako wa maisha utazimeza bila kuonyesha hata dalili. Pamoja na hayo nakusihi usitie saini hati hiyo kabla ya kusoma aya zinazofuata, kwa sababu katika nyumba za wazee kodi ya zawadi mara nyingi ndiyo ndogo kuliko yote, na kodi yenye kuumiza huja nyuma yake na kumwangukia mtoto.

Mtu anayepewa mali na mtu aliye hai anarithi pia bei ya ununuzi ya mtoaji. Binti yako atahesabiwa kana kwamba yeye ndiye aliyenunua kwa dola 82,000, pamoja na gharama za matengenezo makubwa utakazoweza kuzithibitisha. Akiuza kwa dola 560,000, faida yake machoni mwa IRS ni dola 478,000, na kwa kiwango cha asilimia 15, ambacho ndicho kinachowahusu wauzaji wengi, atadaiwa dola 71,700, kabla hata jimbo halijadai chake. Lakini akiipata nyumba hiyo kama urithi baada ya wewe kuondoka, bei yake ya kuanzia inakuwa thamani ya nyumba siku ya kifo chako. Akiuza mara moja kwa thamani hiyo hiyo, hakuna faida ya kutozwa. Nyumba ni ile ile na binti ni yule yule, lakini tofauti inakaribia dola 72,000 kwa sababu ya tarehe ya kuhamisha hati. Ipo nafuu kwa mtu anayeuza nyumba aliyoimiliki na kuishi humo angalau miaka miwili katika mitano ya mwisho, ambaye husamehewa faida ya hadi dola 250,000, lakini binti mwenye nyumba yake kwingine haipati.

Kumwongeza jina kwenye hati ili mmiliki nusu kwa nusu si njia ya katikati kama wengi wanavyodhani. Hiyo ni zawadi ya nusu ya nyumba siku ile ile, dola 280,000, na nusu hiyo hubeba bei ya mwaka 1991. Akaunti ya benki ni tofauti kidogo: ukimwongeza mtoto kwenye akaunti yenye fedha zako, kwa kawaida zawadi huhesabiwa pale tu anapotoa fedha kwa matumizi yake mwenyewe.

Kuna na suala la Medicaid, mpango wa serikali unaolipia matunzo ya muda mrefu ya wazee wasio na uwezo. Ukija kuomba msaada huo, maafisa wake kwa kawaida hukagua kila ulichogawa katika miezi 60 iliyotangulia, na wakikuta nyumba imetolewa bure wanaweza kukunyima malipo kwa kipindi fulani. Hawatambui dola 19,000 za IRS. Ni sheria nyingine, yenye makusudi mengine. Nimewahi kuketi na familia iliyokuwa imegawa fedha kila mwaka kwa uangalifu mkubwa chini ya kiwango cha kodi, ikiamini kwamba imefuata sheria zote, kisha ikakataliwa wakati mama yao alipohitaji uuguzi wa saa 24. Walikuwa wamefuata sheria zote za kodi, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ipo nyingine.

Kuhusu mahakama ya mirathi, Colorado ni miongoni mwa majimbo yanayoruhusu hati ya mnufaika, ambayo unaisajili sasa, unabaki mwenye nyumba kamili na unaweza kuifuta wakati wowote, na nyumba inamfikia binti yako siku ya kifo bila mlolongo wa mahakama na kwa bei mpya ya kuanzia. Lakini nayo ina athari kwa mwombaji wa Medicaid katika jimbo hilo, kwa hiyo mwone wakili wa masuala ya wazee kwanza, na umpelekee hati yako ya mwaka 1991 pamoja na risiti za paa, za tanuri la kupashia joto na za matengenezo mengine makubwa.

SWALI: Mimi ni raia wa Marekani, mke wangu ana kadi ya kijani. Nimeambiwa mume na mke hupeana bila kikomo. Ni kweli kwetu sisi? (Msomaji, Seattle)

JIBU: Si kweli kwenu kwa sasa. Kupeana bila kikomo kunamhusu mwenza anayepokea akiwa raia. Kwa mwenza asiye raia, hata kama ana kadi ya kijani, kiwango maalumu cha mwaka 2026 ni dola 194,000, na kinachozidi huandikwa katika Fomu 709. Kinachoangaliwa ni uraia wa anayepokea, kwa hiyo yeye akikupa wewe hakuna kikomo. Mkeo akila kiapo cha uraia, mpaka huo unaondoka kwa zawadi za kuanzia siku hiyo.

SWALI: Baba yangu si raia wala mkaazi wa Marekani. Ameuza shamba huko aliko, na anataka kunitumia dola 120,000 kutoka katika benki ya huko. Kodi ni kiasi gani, na analipa nani? (Msomaji, Dallas)

JIBU: Hakuna wa kulipa kodi ya Marekani katika habari uliyonieleza. Mgeni asiye mkaazi hutozwa kodi ya zawadi ya Marekani kwa mali inayoshikika iliyopo ndani ya Marekani, kama vile nyumba au ardhi, na fedha zinazotoka benki ya nje hazimo. Wewe nawe huzihesabu kuwa kipato. Hata hivyo una wajibu wa kuarifu: anayepokea zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka mmoja kutoka kwa mtu wa aina hiyo hujaza Fomu 3520, inayotumwa peke yake, mbali na ritani ya kawaida, kwa tarehe ile ile ya mwisho. Usiichukulie kirahisi kwa kuwa haina kodi. Adhabu ya kutoituma ni asilimia 5 ya zawadi kwa kila mwezi wa kuchelewa, hadi asilimia 25, na asilimia 25 ya dola 120,000 ni dola 30,000 kwa karatasi iliyosahauliwa. Fedha zikija kwa mafungu, au nyingine zikitoka kwa ndugu wa karibu wa baba, zijumlishe.

SWALI: Nilimkopesha mdogo wangu dola 40,000 bila riba. Biashara haikumwendea vizuri, na nimeamua kumsamehe. Je, hiyo nayo ni zawadi? (Kaka mkubwa, Charlotte)

JIBU: Ndiyo, deni lililosamehewa ni zawadi ya siku ya kusamehe. Ukimsamehe zote mwaka huu, utaandika dola 21,000 katika Fomu 709. Unaweza pia kumsamehe 19,000 sasa, nyingine 19,000 Januari na 2,000 za mwisho baadaye, lakini kuwa mwangalifu: ikiwa tangu siku ya kwanza mlijua kwamba hatalipa, IRS inaweza kusema kwamba haukuwa mkopo, na zawadi yote ikahesabiwa katika mwaka ule uliompa. Ndiyo sababu hati ya mkopo yenye tarehe na saini, pamoja na kumbukumbu za malipo machache aliyoyafanya, ina thamani kubwa kwako. Kwa mikopo inayozidi dola 10,000 sheria pia hukutazama kana kwamba ulistahili riba kwa kiwango kinachotangazwa na IRS kila mwezi, na riba uliyoiacha huhesabiwa kuwa zawadi.

SWALI: Mwaka 2021 nilimpa dada yangu dola 30,000. Sikujua lolote kuhusu Fomu 709 hadi niliposikia habari hizi juzi. Naogopa hata kulala. (Msomaji, Hartford)

JIBU: Lala, dada yangu, halafu kesho uijaze. Tumia fomu ya mwaka 2021, ambayo bado inapatikana katika tovuti ya IRS, na kiwango cha mwaka ule, dola 15,000. Zilizozidi ni dola 15,000, zitatolewa katika msamaha wa maisha wa wakati ule, na kodi itakuwa sifuri. Adhabu ya kuchelewa kuwasilisha hupigwa kwa asilimia ya kodi inayodaiwa, na asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri. Faida ya kuijaza hata sasa ni kwamba muda wa miaka mitatu ambao IRS inao wa kuhoji thamani ya zawadi huanza kuhesabiwa fomu inapowasilishwa ikiwa na maelezo ya kutosha. Bila fomu, muda huo hauanzi kamwe. Kwa kuwa uko Connecticut, jimbo pekee lenye kodi yake ya zawadi, muulize mhasibu wako kuhusu fomu ya jimbo pia. Msamaha wa jimbo kwa sasa unalingana na ule wa serikali kuu, lakini mwaka 2021 ulikuwa chini yake, ingawa bado ulikuwa mamilioni mengi kuliko dola 15,000 zako.